Kidole Kimoja Chini ya Bwana Vidonge

Gari la buluu lilipita mbele ya karakana saa moja na dakika ishirini asubuhi, kama lilivyopita jana na juzi, na fundi makochi akajichoma kidole kwa shazia. Hakutukana. Alikinyonya kile kidole, akasogea mlangoni, akalisindikiza gari kwa macho mpaka likapinda kwenye kituo cha mafuta.

Lilikuwa gari la mfamasia wa kliniki anakofanya kazi mke wake. Gari dogo tu, kama la watu wengine, ila lilikuwa limeshushwa. Lilikuwa limelala juu ya matairi yake kama paka aliyeshiba. Vioo vyake vilikuwa vyeusi, lakini si vyeusi kiasi cha kumficha mtu aliyekaa kiti cha mbele. Na kiti cha mbele alikuwepo mwanamke, kajifunga kitambaa kichwani, kaegemea vizuri, raha mustarehe.

Mke wake alikuwa ametoka nyumbani robo saa kabla, kwa miguu, kwenda kupandia gari hilo kwenye kona ya juu. Naye alikuwa amejifunga kitambaa kichwani.

"Sawa," fundi makochi alisema peke yake. "Endelea kuegemea."

Mfamasia yule alikuwa na jina lake la haki, lakini fundi makochi hakutaka kulitumia. Nyumbani alimwita Bwana Vidonge. Alianza kumwita hivyo wiki tatu nyuma, siku mke wake aliposema kwa mara ya kwanza kwamba kesho asisumbuke kumpeleka kazini, atapata lifti.

"Nisumbuke?" alimuuliza siku ile. "Miaka yote hii nimekuwa nikisumbuka?"

"Si unapoteza muda, Baba Pacha? Kwenda na kurudi. Ana gari, anapita hapo hapo. Tena gari lake limekaa vizuri, halirushi."

Katika maneno yote hayo fundi makochi alisikia mawili tu: limekaa vizuri. Yakamkaa kooni kama mfupa.

Maana ile safari ya asubuhi ilikuwa yao. Watoto wao mapacha walikuwa shule ya bweni, nyumbani kila mtu alikuwa na shughuli zake, jioni mke amechoka na mume ananuka gundi. Lakini asubuhi, dakika arobaini kwenye foleni, mke wake alikuwa anasimulia. Nani kazimia alipoona sindano, nani kaleta mkojo kwenye chupa ya soda. Fundi makochi alikuwa anacheka mpaka anapigiwa honi kwa nyuma. Sasa hadithi hizo alikuwa anasimuliwa Bwana Vidonge.

Na kilichomuuma zaidi ni kile kiti.

Miezi minne nyuma mke wake alisema, kama utani tu, kwamba yeye ni mfupi, akikaa mbele anaona dashibodi na mawingu. Mtu mwingine angecheka yakaisha. Fundi makochi alikifungua kiti cha mbele, akakibeba hadi karakanani, akakaa nacho siku nne. Alikivua ngozi, akaweka sponji ngumu ya daraja la kwanza, ile anayowawekea wenye hoteli, unene wa vidole vinne. Akakishonea kitambaa cha rangi ya zambarau, rangi anayoipenda mke wake, akapitisha kamba ya pindo pembeni. Kilipokamilika alikiweka sakafuni katikati ya karakana, akawaita majirani mmoja mmoja wakikalie. Muuza simu alikaa. Mama wa duka la dawa za mifugo alikaa, akakataa kuinuka. Wote walisema mke wako ana bahati.

Sasa kiti hicho kilikuwa kinabeba hewa kwenda kununua misumari.

Jumapili alilisafisha gari ndani na nje, kwa hasira, kama mtu anayemwogesha mtoto mtukutu. Kwenye kitambaa cha dari, juu ya kiti cha mke wake, alikuta alama nyeusi ya mafuta, duara la ukubwa wa chungwa. Akaisugua kwa sabuni, haikutoka. "Vitambaa vya siku hizi," alinung'unika, akaachana nayo.

Jumatatu alikwenda gereji.

Fundi wa gereji aliitwa Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu aanze kuota meno. Alikuwa kwenye shimo, chini ya gari la mtu, akiongea na gari lenyewe.

"Mtu wa sponji!" alisema kutoka chini. "Umeleta gari au umeleta maneno?"

"Nataka kushusha."

"Kushusha nini?"

"Gari. Kwani nina nini kingine cha kushusha?"

Kimya alitoka shimoni akijifuta mikono, akamtazama kuanzia viatu. "Umri wetu huu, Baba Pacha, wenzako wanashusha tumbo."

"Unashusha au hushushi?"

"Nashusha. Ngoja basi nikwambie, maana nyinyi watu mkija na hasira mnachukua chochote, kesho mnarudi mnanilaumu." Alikalia tairi kuukuu, akainua vidole viwili vyenye grisi. "Kuna njia mbili za kiungwana. Ya kihuni ni kukata springi kwa msumeno, na hiyo nenda kwa mwingine, mimi nina watoto. Njia ya kwanza ni springi fupi. Natoa zako, naweka fupi na ngumu kidogo, na shokapu mpya kwa sababu zako zimekufa zamani, gari lako linatembea kama mbuni. Linashuka kiasi chake, basi. Hukigusi kitu tena mpaka unazeeka nalo."

"Na ya pili?"

"Ya pili koilova. Hapo springi na shokapu ni kitu kimoja, springi imevikwa juu ya shokapu, na chini yake kuna ringi inayokwenda kwa hesi, kama nati. Ukiizungusha huku gari linashuka, ukiizungusha kule linapanda. Na juu kuna kitasa cha kukaza na kulegeza, ukitaka gumu, ukitaka laini. Nzuri sana. Lakini zinataka kutunzwa. Vumbi na matope yakiingia kwenye hesi, ringi inashika kutu, haizunguki tena hata umwite nani." Akamkazia macho. "Gari yako ni ya nini?"

"Ya kupanda."

"Anapanda nani?"

"Mke wangu. Mchana sponji na vitambaa."

"Kila siku?"

Fundi makochi alisita. "Kila siku."

"Basi chukua springi. Gari ya kila siku haitaki ujanja. Utafunga, utasahau."

"Springi unanifundisha mimi? Mimi nimekulia kwenye springi."

"Za kwako zinakaliwa na matako, mwenzangu. Za kwangu zinakaliwa na tani nzima na bado zinapigwa na barabara."

Fundi makochi alitazama pembeni, kwenye rundo la bampa za zamani, kama vile kuna la maana huko. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Yule ana nini?"

"Yule nani?"

"Nimeuliza tu."

"Umesema yule. Lazima yule awe na mtu."

"Lile gari la buluu. La mfamasia."

"Ahaa! Koilova. Nilimfungia mimi mwenyewe. Mtu mstaarabu yule, alikaa hapa mchana kutwa, tukapandisha, tukashusha, tukajaribu, mpaka..."

"Vidole vingapi?"

Kwenye gereji ile urefu wa gari ulipimwa kwa vidole. Unaingiza mkono kati ya tairi na madgadi, vidole vinavyopita ndiyo hesabu. Gari likitoka kiwandani vinapita vinne, na vya mtu mnene vinapita kwa taabu.

"Yake? Viwili," alisema Kimya.

"Nifungie koilova. Kidole kimoja."

Kimya alinyamaza. Wasaidizi wake waliinua vichwa kuona kama amepata kiharusi.

"Baba Pacha," alisema mwishowe, taratibu, "hili ni suala la gari?"

"La gari."

"Maana mimi ni fundi wa magari tu."

"Na mimi nimeleta gari. Kwani nimekuletea punda?"

Pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya cherehani ya pili iliishia hapo. Siku ya Jumanne gari lilikuwa tayari. Fundi makochi alichuchumaa kwenye kila tairi, akaingiza kidole chake cha shahada, kikapita peke yake. Cha kati kilikataa. Alirudi nyumbani akiendesha polepole, kiwiko nje ya dirisha, na muuza simu alipopiga mluzi, alijitia hamnazo.

Mke wake alitoka nje na taulo la jikoni mkononi.

"Mbona limekaa kama limechoka?" aliuliza.

"Limeshushwa."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya kona. Linakata kona vizuri."

Mke alilizunguka gari zima. Alipofika upande wa kiti chake cha zambarau alisimama kidogo. Kisha akasema, kwa upole, "Basi kesho unipeleke wewe."

Usiku ule fundi makochi alilala kama mtoto.

Jumatano asubuhi alimpeleka. Kulikuwa na matuta saba kati ya nyumbani na kliniki, na kwenye kila tuta gari liligonga kavu, tumbo lake likakwaruza lami, na yeye akawa anatazama kushoto na kulia kuona nani anatazama. Wengi walitazama. Mwenye pikipiki mmoja aligeuza shingo mpaka nusura amgonge wa mbele yake. Mke wake alikuwa ameshika mshikio wa juu ya mlango. Hakusimulia chochote. Alipomuuliza kama kuna mtu amezimia jana, alijibu, "Hapana," tu. Alhamisi hivyo hivyo. Alishuka akiwa amejishika shingo, akasema asante kama mtu anayeshukuru teksi.

Jioni ile alikuwa anakatakata vitunguu. Hakuinua uso.

"Kesho nitapanda na mfamasia."

Fundi makochi alikuwa anakunywa maji. Aliweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Nimeona tu."

"Umeona nini? Lake limekaa, langu halijakaa? Langu liko chini kuliko lake. Nenda kapime."

"Mimi napima damu, sipimi magari."

"Ana nini yule mtu?"

"Nani?"

"Bwana Vidonge! Ana nini? Ana meno mengi kuliko mimi?"

Mke aliacha kisu. "Ana gari lisilonirusha. Nilikwambia tangu siku ya kwanza."

"Na mimi nimefunga kitu kile kile alichofunga yeye! Kwa fundi yule yule! Kwa hiyo si gari. Usinifanye mtoto."

Mke alimtazama. Alikuwa na macho mekundu, na fundi makochi hakujua kama ni vitunguu. Alifungua mdomo.

"Kile kiti..." alianza.

"Kiti kimefanya nini?" Sauti ya fundi makochi ilipanda ghafla, kisha ikakatika njiani. "Kiti nilikaa nacho siku nne. Kuna watu wananiomba niwashonee kama kile, nakataa. Nasema kile ni cha mtu mmoja."

Mke aliufunga mdomo. Akachukua kisu. "Basi. Hakuna kitu," alisema, na vitunguu vikaendelea kukatwa.

Ijumaa, saa moja na dakika ishirini, gari la buluu lilipita. Kitambaa kichwani, kiti cha mbele, kaegemea. Fundi makochi aliliacha kochi la mteja likiwa uchi, matumbo nje, akaingia kwenye gari lake, akaenda gereji moja kwa moja bila kufunga mlango wa karakana.

"Koilova zako ni mbovu," alimwambia Kimya kabla hajashuka.

"Na wewe habari za asubuhi."

"Linagonga. Mke wangu hataki kulipanda. Yule umemfungia nzuri, mimi umenipa makapi."

Mtu mwingine angejibu kwa spana. Kimya aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akanyoosha kiganja. "Nipe funguo. Hamia kule."

"Niendeshe mimi, wewe sikiliza."

"Kwenye gereji yangu sisikilizwi mimi, nasikiliza mimi. Nikiendesha nalisikia gari kwa usukani. Hamia kule, nimesema."

Fundi makochi alizunguka, akafungua mlango wa upande wa pili, akapanda. Alilazimika kuinamisha kichwa. Alipokaa, kichwa hakikuinuka. Kilikuwa kimeshika dari.

Alijivuta mbele, akajivuta nyuma. Mgongo wa kiti ulimsukuma, kamba ya pindo ikamkata mapaja. Mkanda, badala ya kupita begani, ulipita shingoni. Aliangalia mbele akaona kile kibao cha kuzuia jua, na chini yake ukanda mwembamba wa barabara, kama mtu anayechungulia chini ya mlango. Mke wake alikuwa haoni kitu ila dashibodi; yeye sasa alikuwa haoni kitu ila dari.

Lakini yeye ni mrefu, alijiambia. Mke wake ni mfupi. Kwake kutakuwa na nafasi.

Kimya aliondoa gari. Kwa mara ya pili wiki ile hakuwa anaongea. Alipita njia ya shule, ile ya kwenda kliniki, akafika tuta la kwanza, akalichukua kama watu wote wanavyolichukua asubuhi wakichelewa kazini. Gari lilishuka, likagonga, likamrusha fundi makochi juu, na utosi wake ukapiga dari, pu! Meno yakagongana. Tuta la pili fundi makochi alishika mshikio wa juu ya mlango. Haukumsaidia. Pu!

"Simama," alisema.

"Bado matano."

"Simama, bwana!"

Kimya aliegesha kando ya ukuta wa shule. Fundi makochi aliinua uso taratibu. Duara la mafuta lilikuwa juu ya paji la uso wake, karibu kiasi cha kulinusa. Akalinusa. Yalikuwa mafuta ya nywele ya mke wake, yale ya nazi yanayokaa kwenye kopo la kijani juu ya kabati. Duara zima la ukubwa wa chungwa, limepigwa tone kwa tone, tuta kwa tuta, kwa zaidi ya miezi mitatu. Na yeye alikuwa amelisugua kwa sabuni.

Akakumbuka siku ile kiti kilipokuwa katikati ya karakana. Muuza simu alikaa. Mama wa dawa za mifugo alikaa. Yeye mwenyewe alikaa. Wote walikaa sakafuni, na karakana yake ina dari ya mita tatu. Kiti alikipima kama kochi. Baadaye alikifunga kwenye gari, akazunguka, akakaa kwenye usukani, na tangu siku hiyo hajawahi kukaa upande ule hata dakika moja.

Na mke wake akanyamaza. Kila asubuhi, matuta saba.

"Sema basi," fundi makochi alimwambia Kimya.

"Niseme nini? Mimi ni fundi wa magari tu."

Kengele ya shule ililia, kelele zikamwagika uani, zikaisha.

"Lilikuwa linamgonga mkeo hata kabla hujalishusha," Kimya alisema. "Shokapu zilikuwa zimekufa, gari linaruka kama mbuni, nilikwambia. Sasa umelifanya gumu na umelilaza chini kabisa, halina pa kushukia, kwa hiyo linamgonga zaidi. Koilova hazina kosa. Kosa ni kidole chako kimoja."

"Na kiti."

"Kiti hicho sikukisema mimi. Umekisema wewe."

Waliporudi gereji Kimya alitia jeki, akatoa magurudumu, akalala chini na spana yake ya ndoano. "Shukuru kichwa chako kigumu," alisema kutoka kule chini, maneno yakiwa yamemrudia yote. "Ungenisikiliza ukachukua springi, leo ningekwambia pole. Springi haina huku wala kule. Hii nazungusha tu. Haya, nikupandishe mpaka wapi?"

"Mpaka lisirushe."

"Hiyo ni vidole vitatu, na kitasa nilegeze. Mfamasia wako ana viwili."

Fundi makochi alitazama tairi. Akilini aliliona gari lake likipita mtaani juu ya vidole vitatu, kama gari la mwalimu mkuu, na lile la buluu likipita kando yake, limelala, limeshiba. Roho ilimuuma kweli, wala hakujidanganya kwamba haimuumi.

"Vitatu," alisema.

"Sijasikia."

"Vitatu! Unataka niandike?"

Mchana ule alikifungua kiti cha mke wake, akakibeba tena hadi karakanani. Mishono yake mwenyewe ilimkatalia. Alikuwa ameishona iwe ya milele. Alikata uzi kwa kisu, akakivua kitambaa cha zambarau, akaitoa sponji ya hoteli yote vidole vinne, akaitupa kwenye kona. Akaweka laini, unene wa kidole kimoja na nusu tu. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza. Alikirudisha kiti kwenye gari bila kukifunga kitambaa, akaingia, akajikunja mpaka utosi wake uwe sawa na wa mke wake, ambao anaujua kwa kidevu chake, na akaweka kiganja wima kati ya kichwa na dari. Kiganja kilipita. Akakitoa kiti, akakishona. Kitambaa sasa kilikuwa kikubwa, ikabidi akikunje pembeni, na mkunjo ulionekana. Mteja angekirudisha. Aliuacha.

Jumatatu asubuhi mke wake alipotoka na mkoba wake, fundi makochi alikuwa amesimama kando ya gari, mlango wa upande wa pili uko wazi.

"Nimeshaahidiwa lifti," mke alisema.

"Nitakufikisha kwenye kona. Ukikaa ukaona bado, shuka, panda kule. Sitasema kitu."

"Wewe? Usiseme kitu?"

"Kaa kwanza, Mama Pacha."

Mke alikaa. Alijiweka kwa tahadhari, shingo ameirudisha ndani kama kobe, na ilimchukua muda kugundua kwamba hakuna haja. Aliinyoosha shingo kidogo kidogo. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake, wima, kikapita. Akautazama mkunjo wa kitambaa pembeni ya paja lake, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Umekitoa lini?"

"Ijumaa."

"Nani alikwambia?"

"Dari."

Mke aligeukia dirishani, na fundi makochi hakuona uso wake.

Walipofika kwenye kona ya juu gari la buluu lilikuwa limesimama, injini inanguruma kwa adabu. Mke alishusha kioo. Mfamasia naye akashusha cha kwake. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, shati limepigwa pasi. Lakini fundi makochi hakumtazama yeye. Alimtazama mwanamke aliyekuwa kando yake, kiti cha mbele, kitambaa kichwani, kaegemea. Alikuwa bibi wa miaka sabini na zaidi, na mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa bandeji mpaka gotini.

"Leo umetutupa, dada?" mfamasia aliuliza.

"Nimepata usafiri, kaka. Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kiti chote cha nyuma leo kitalala chenyewe." Bibi aliinama amwone dereva. "Huyo ndiye mume? Ndiye aliyekujengea ule mnara?"

Mfamasia alikohoa. Fundi makochi alihisi masikio yanawaka. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba. Nasikia mkono wako ni mzuri, ila hupimi. Nina kiti changu nyumbani kimebonyea. Uje ukitazame. Lakini unipime na mimi."

"Nitakuja, mama."

Gari la buluu lilitangulia. Fundi makochi alilitazama likishuka barabara, limekaa vizuri, Mungu anisamehe, limekaa vizuri sana, na akalifuata kwa nyuma.

"Ulikuwa unakaa nyuma," alisema.

"Ningekaa wapi? Mbele ni kwa mama yake, anampeleka kufungwa kidonda kila siku. Wewe ulidhani nakaa wapi?"

Walipita mbele ya karakana, mlango umefungwa na kufuli.

"Kwa hiyo wao walijua habari za kiti," alisema. Sasa hilo ndilo lililokuwa linamchoma. "Yule bibi, na mwanawe. Mimi hukuniambia."

"Nilikuwa na nundu, Baba Pacha. Bibi aliiona, akauliza. Wewe hukuiona."

"Ungesema."

"Ningesemaje? Uliita mtaa mzima waje kukikalia. Kila nikifungua mdomo unaniambia siku nne." Kisha kicheko kikamponyoka puani. "Na ukaenda kushusha gari. Mimi nikasema sasa huyu ananimaliza."

"Ilikuwa kwa ajili ya kona."

"Kona."

"Linakata vizuri."

Tuta la shule lilikuwa mbele yao. Lile la buluu lilikuwa limeshalivuka polepole, kwa ubavu, kama mzee anayeshuka ngazi. Fundi makochi alipunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka wa nyuma akapiga honi. Mikono ya mke wake ilikuwa kwenye mkoba, haikushika kitu. Wote wawili walikuwa wanatazama juu, kwenye duara lile la mafuta.

Gari lilipanda, likashuka. Duara lilibaki pale pale lilipo, na kichwa pale pale kilipo.

"Sasa kanyaga mafuta," mke alisema, "nimechelewa. Halafu hujui kuhusu yule mzee wa Ijumaa na chupa yake. Ngoja nikusimulie."